Wafadhili wa Aprili, si kila mtoto ataka mdoli unaoimba

Mhariri,

Mimi ni muuza vitu vya kuchezea watoto. Kibanda changu kiko Mwembe Tayari, si mbali na yanapopakia mabasi ya Nairobi, na kazi hii nimeianza zamani, magari ya bati yalipokuwa bado ndiyo fahari ya mtoto siku ya Iddi. Kwa mwaka nina misimu miwili ya faida. Wa kwanza ni sikukuu, yaani Iddi na Krismasi nikizihesabu pamoja, ambapo hata baba aliye mbahili kuliko wote mtaani hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Wa pili umezuka miaka ya karibuni. Ni zile siku chache kabla ya tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani (usonji ni ile hali ya ukuaji wa ubongo ambayo Waingereza huiita autism), ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka wa 2007 ikaanza kuadhimishwa 2008.

Msimu huo wa Aprili ndio ulionifanya nishike kalamu. Huja watu wamevaa fulana za buluu, makundi ya maofisini, vyama vya akina mama, vijana wa vyuo, wote wana nia njema na wote wana haraka. Risiti iandikwe jina la chama, mzigo utiwe kwenye maboksi, gari liko nje languruma. Ombi lao ni lile lile: "Ami, tupe vitu vya kuchangamsha. Vyenye sauti, vyenye taa. Watoto wenyewe wamezubaa sana." Mdoli unaoimba na gari la polisi lenye king'ora ndivyo vinavyoniachia faida nzuri kuliko vyote kibandani. Hata hivyo nawaomba hadharani, kupitia ukurasa huu, wasivinunue kwa ajili ya watoto wenye usonji kabla hawajamuuliza angalau mtu mmoja anayelala nyumba moja na mtoto.

Sababu ninayo nyumbani. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana usonji. Maneno yake ni machache, lakini feni ya jirani ikianza kukwaruza yeye huisikia kabla ya jirani mwenyewe. Ukiwasha mdoli wa kuimba karibu naye huziba masikio kwa viganja, huingia chini ya meza, na chakula cha usiku huo hakiliwi tena. Si utundu, wala si kudekezwa. Sauti ile yamuumiza. Na si mimi babu yake nisemaye hivyo peke yangu: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uitwao DSM-5, ambao hutumiwa nchi nyingi katika kutambua usonji, tangu toleo la 2013 umeliweka jambo hili miongoni mwa dalili zenyewe. Unasema mtoto aweza kuhisi sauti, mguso, harufu, maumivu au joto kupita kiasi, au akahisi kwa upungufu, au akavutwa mno na vitu kama taa na vinavyozunguka. Hapo kwenye kupita kiasi na kupungua ndipo wafadhili wetu wanapopotea njia. Watoto wawili wenye hali ya jina moja waweza kuwa kinyume kabisa. Huyu akimbia kelele, yule azisaka. Huyu hastahimili lebo ya shati shingoni, yule ajigonga ukutani apate kuhisi mwili wake uko wapi. Ukiwapa wote wawili kitu kimoja kutoka boksi moja, mmoja umempa zawadi na mwingine umempa adhabu, na picha ya gazetini itawaonyesha wamesimama pamoja.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu tukaridhika. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule ambaye akina mama hospitalini humwita OT, alimhesabia binti yangu saba, nami nikiwa nimekaa pembeni nikisikiza. Wa sita ni mizani ya mwili, iliyo ndani ya sikio, inayokujulisha kama umesimama, umeinama au wazunguka. Wa saba ni wa misuli na viungo, ule unaokuwezesha kupeleka tonge kinywani hata stima zikipotea. Mambo haya aliyaandikia sana Jean Ayres, mtaalamu wa tiba hiyo hiyo kule California, miaka ya 1960 na 1970, na michezo mingi inayouzwa leo kwa jina la usonji imetokana na mawazo yake kwa njia moja au nyingine.

Nisiwafiche lakini. Mwaka wa 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa taarifa kwamba ushahidi wa tiba ya fahamu iliyotokana na mawazo hayo ya Ayres bado ni haba, na kikawataka madaktari wawaambie wazazi hivyo. Kwa hiyo akija mtu akakwambia kidude fulani "kinatibu" usonji, mwulize ana duka wapi. Mimi nauza vidude na sijaona hata kimoja kinachotibu. Nilichoona ni mtoto kutulia, mtoto kucheza, mtoto kumkaribia mwenziwe kwa sababu ya kitu kilicho baina yao. Kwangu hayo yatosha kuitwa faida. (Wapo wanaosema mtoto ana jini na kidude hakitamsaidia. Mlango huo sitaufungua leo.)

Kuna mama mmoja wa Kisauni huja kwangu na kijana wake, miaka saba hivi. Siku ya kwanza kijana aliingia, akapita wanasesere, akapita mipira, akaketi chini kwenye saruji na lori moja la plastiki. Akaligeuza kichwa chini, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasogeza jicho karibu kabisa kama anayechungulia tundu la ufunguo. Gurudumu likipunguza mwendo, azungusha tena. Mama uso ulimshuka. "Ami niwie radhi," akaniambia, "huyu yuwapenda magurudumu tu, hajui kuteza." Nikamwambia, dada, huko ndiko kuteza kwake. Nikaingia nyuma nikatoa pia ya mbao, zile za kuzungusha kwa mkono, nikaizungusha juu ya kaunta. Kijana akainuka. Akaitazama ikizunguka, ikayumba, ikalala. Kisha akanishika kidole changu, hakuniangalia usoni, akakibeba kidole chote akakiweka juu ya pia. Mama akaduwaa, maana mtoto hakuwa na desturi ya kumwomba mgeni kitu. Nikaizungusha, akakileta kidole tena. Tukaenda hivyo mpaka wateja wengine wakaanza kunung'unika. Pia ile bei yake ilikuwa shilingi 50.

Sasa hebu fikirini: lau kijana huyo angepelekewa boksi la Aprili, angepata nini? Gari la polisi. Angeligeuza kichwa chini atafute gurudumu, king'ora kingelia, naye angelitupa. Mfadhili angeandika kwenye ripoti kwamba mtoto "hakuonyesha hamu ya kucheza".

Mama akija kwangu simwulizi mtoto ana umri gani, ingawa boksi limeandikwa umri kwa herufi kubwa. Namwuliza: ukimwacha peke yake, asiyetazamwa na mtu, hufanya nini? Jibu la swali hilo ndilo lenye kuchagua kidude. Akiniambia hupanga vifuniko vya soda mstari kutoka mlangoni hadi jikoni, nampa gololi na ubao wa matundu, au namwambia asinunue kitu, aende kwa wacheza bao akaombe komwe. Komwe ni nzuri mno: ni nzito kidogo, ni laini, zaingia kiganjani vyema, na zikigongana zina mlio mdogo usiotisha. Akiniambia huruka kutoka kitandani mpaka majirani wa chini wamechoka, mtoto huyo ataka miguu yake ipate kishindo. Godoro kuukuu sakafuni litamfaa kuliko chochote nilicho nacho. Akiniambia hutafuna kola za mashati mpaka zikatoboka, hapo kuna vidani vya mpira laini vilivyotengenezwa kwa kutafunwa, lakini ukikosa, karoti, au kashata, au kipande cha muwa kilichomenywa vizuri naye akiwa ameketi nawe ukiwa karibu. Vifuniko vya chupa usimwachie.

Na wale wanaopanga vitu mstari, jamani, waacheni. Naona wazazi wakiivuruga ile mistari ili mtoto "acheze vizuri". Keti chini naye, umpe gari linalofuata. Akilipokea akaliweka mahali pake, mmekwisha kucheza pamoja.

Mjukuu wangu dawa yake ni jikoni. Kukuna nazi hapewi, meno ya mbuzi hayana mzaha. Lakini nazi ikishakunwa na kutiwa maji ya uvuguvugu, kukamua tui ni kazi yake na ole wake atakayemtangulia. Hushika kile kifumbu kwa mikono miwili, akakisokota, akakiminya mpaka mishipa ya mikono ikamtoka, na tui likiwa linatiririka kwenye bakuli yeye hulitazama halafu husokota tena, mpaka machicha yakawa makavu kama unga wa mbao. Nimemwona akiingia jikoni amepandwa, apepea mikono, azunguka, akatoka hapo ametulia hata akaketi nasi kula. Yule mtaalamu alitueleza kwa nini: misuli ikifanya kazi nzito, ya kuminya, kuvuta, kusukuma na kubeba, mwili hupata habari za wazi za wapi ulipo, na watoto wengi wa aina yake hutulizwa na habari hizo. Kazi nzito kwetu Mombasa hatukosi. Kuna kubeba dumu la lita tano kutoka mferejini. Kuna kukamua nguo siku ya dobi, wawili wawili, huyu ashika ncha hii na yule ile. Kuna kukunja mkeka mkubwa na kuusimamisha kipembeni. Kuna kutwanga. Hakuna hata kimoja nikiuzacho mimi.

Machicha yenyewe hayagusi, lakini. Kifumbu kikifunguliwa, yeye ametoweka. Mtoto wa mama mmoja wa Mtongwe, kinyume chake, ndiyo anayoyataka, ayatie mikono mpaka kwenye viwiko. Ndiyo maana sitoi orodha.

Donge pia lina mambo. Lile la kununua, la vikopo vya rangi, mjukuu wangu halitaki kwa ajili ya harufu. Binti yangu humpa donge la chapati, naye husukuma, hukata, hutoboa vidole, na likichakaa sana latupwa bila majuto. Wengine hupika la kudumu: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, mafuta kidogo, maji na rangi ya chakula, likakorogwa juu ya moto mdogo mpaka lisigande sufuriani. Hilo hukaa siku nyingi kwenye kopo lenye mfuniko. Ila mtoto wako akiwa ni wa kutia kila kitu kinywani usimpe, chumvi iliyomo ni nyingi na ikiliwa yaweza kumdhuru. Ungo wenye mchele uliofichwa gololi na vikauri ni mchezo wa mchana mzima, na hapo pia shuti kuwe na jicho la mtu mzima, maana kauri ndogo yaingia puani kwa wepesi wa ajabu.

Pembea ndiyo nyingine. Iddi watoto wa Mombasa hukimbilia pembea, na watoto wenye usonji wengi wao wazipenda kuliko hao wengine, kama si kelele zilizozizunguka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwendo wa mbele na nyuma, wa polepole, aghalabu hutuliza, na mwendo wa kuzunguka huamsha. Mtoto ukimzungusha kabla ya kulala, usiku huo ni wako wewe. Leso mbili imara au shuka nzito lililofungwa vyema kwenye boriti yatosha, mradi boriti iwe nzima na chini kuwe na godoro. Mwachie mtoto aanze na aache mwenyewe. Akipauka uso, akitoka jasho jembamba au akianza kucheua, msimamishe papo hapo.

Bahari sitaisahau, tukiwa tumezungukwa nayo. Mchanga mkavu, mchanga mbichi, maji yaliyotuama kwenye vidimbwi yakishakupwa. Hayo kwa fedha huyapati. Pale ufuoni Pirates asubuhi mapema, kabla ya ngamia na muziki kufika, mtoto asiyestahimili watu apata pwani nzima yake. Jumapili alasiri usimpeleke. Lakini hapa nasema kwa ukali kidogo: watoto wenye usonji wengi huvutwa na maji, na wengi ni wa kutoroka bila kuaga, na uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kuwa kufa maji ni mojawapo ya hatari kubwa zinazowakabili. Mtu mmoja apewe kazi ya mtoto huyo tu, mkononi asiwe na simu.

Nirudi kwenye biashara. Kuna kitu kiitwacho blanketi zito, limeshonewa shanga au chembe za kioo ndani, huuzwa mitandaoni kwa maelfu ya shilingi kwamba mtoto mwenye usonji akijifunika atalala. Mteja mmoja aliniomba nimwagizie, mwezi wa pili, joto la kaskazi limetukaba sote, mimi mwenyewe nalala kwenye mkeka barazani nimevua fulana. Nikamwuliza, mama, huyo mtoto wataka alale au wataka aive? Mwaka wa 2014 watafiti wa Uingereza, ambako baridi ipo, walichapisha majaribio yao: blanketi hilo halikuwafanya watoto wenye usonji walale vyema kuliko blanketi la kawaida, ingawa watoto na wazazi wao walilipenda zaidi. Kulipenda si jambo dogo, sibezi. Lakini kwa joto letu mtoto anayependa kugandamizwa aweza kuviringishwa kwenye leso akiwa macho, kichwa na mikono nje, kwa muda anaoutaka yeye, au akapakatishwa kifuko cha mchele kilichoshonwa mara mbili. Awe anaweza kukitoa mwenyewe. Mtoto asiyeweza kujitoa chini ya kitu kizito asitiwe kitu kizito.

Na bei. Wenzangu wa biashara watanichukia kwa haya. Vidude vya kubonyeza viputo, spina, mipira yenye miiba laini, vyote hivi hutoka kwenye maboksi yale yale. Ukikitoa kimoja ukakibandika neno la usonji na kile kipande cha fumbo chenye rangi nne kitumiwacho kama nembo ya usonji, bei yapanda maradufu, na mzazi hulipa kwa sababu yu taabani. Kama mtoto wako apenda kubonyeza viputo, nunua cha watoto wote.

Kuna vitu ambavyo kwangu havipo na havitakuwapo. Cha kwanza ni zile shanga za rangi zinazofura zikitiwa majini, ambazo wengine huziuza kama za kupambia vyungu vya maua na wengine kama "tiba ya vidole". Ni nzuri machoni, zateleza mikononi, na mtoto akimeza chache zafura tumboni zikaziba utumbo, na mara nyingi picha ya eksirei haizioni. Mwishoni mwa 2023 maduka makubwa ya Marekani, Amazon, Walmart na Target, yalitangaza kuacha kuuza zilizokusudiwa watoto. Hapa kwetu zingali zaning'inia kwenye vifuko. Cha pili ni chochote chenye betri ndogo ya duara, ile kama kitufe, ikiwa mfuniko wake haukufungwa kwa skurubu. Betri hiyo ikikwama kooni yaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili. Vivyo hivyo vile visumaku vidogo vyenye nguvu. Viwili vikimezwa hunasana huku na huku ya utumbo. Puto nauza, lakini mtoto anayetafuna kila kitu simwuzii mamake puto, na mtoto anayeogopa mlio hataweza kukaa chumba kimoja nalo, atalitazama tu akingoja lipasuke. Vitu vya taa za kumetameta nawauliza kwanza: mtoto ana kifafa? Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine, na taa za namna hiyo kwa baadhi yao huamsha kifafa.

Tena mtoto hukua. Kijana wa miaka kumi na minne anayependa mlio wa kayamba msimpe kayamba la kitoto lenye picha ya bata halafu mkampiga picha. Mpeni kayamba la kweli, la matete na mbegu, kama wapigalo wazee harusini. Ni mlio ule ule, na heshima yake imebaki.

Niseme na la kabati. Nilipata kwenda kwenye shule moja ya umma yenye kitengo cha watoto hawa, kupeleka mzigo ulionunuliwa na wafadhili. Mwalimu alinipokea vyema. Akafungua kabati la kioo lililojaa vitu vya miaka iliyopita, vingine bado viko ndani ya nailoni, akatafuta nafasi ya kutia vipya. "Vikivunjika tutaulizwa," akaniambia. Watoto walikuwa nje, wachota mchanga kwa vikopo vya siagi. Mwalimu simlaumu, aliyempa vitu akampa na hofu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Sioni jinsi mtu anavyoweza kusemwa amepata kitu kilichofungiwa kabatini. Wafadhili, mkileta vitu, waambieni walimu kwa maandishi kwamba ruhusa vivunjike.

Na kama mna pesa na hamjui mtoto gani apenda nini, vipo vya kufanya. Nunueni godoro la kurukia na kamba za pembea. Lipieni usafiri wa mama kutoka Likoni au Miritini kwenda kwa mtaalamu. Au mwambieni mwalimu awape jina la kila mtoto na mbele yake mambo mawili, akipendacho na akikimbiacho. Mje na karatasi hiyo kibandani, tutakaa chini tuchague kimoja kimoja. Itatuchukua muda na mimi nitauza kidogo. Sawa.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka wenzangu na kwa supamaketi zetu. Kule Uingereza supamaketi za Morrisons zilianza mwaka wa 2018 kutenga saa moja kila Jumamosi asubuhi: muziki wazimwa, taa zapunguzwa, matangazo ya spika yasita, ili watu wenye usonji nao waweze kununua. Kibandani mwangu nimefanya hivyo kwa namna yangu. Jumamosi nafungua saa mbili asubuhi, na mpaka saa tatu redio haiwashwi, vidude vyote vimetolewa betri, na kijana wangu wa kazi amekatazwa kuita wateja. Mtoto aruhusiwa kuketi chini na kugusa chochote. Gharama yake ni kunyamaza kwa saa moja, na wenye maduka makubwa ya Nyali na mjini wana taa na spika za kuzima kuliko mimi.

Muuza vitu vya kuchezea,
Mwembe Tayari, Mombasa